Gari la Jamaa Likigonga Chini, Tusikilize Kabla ya Kulipa

Barabara za mji wetu tunazijua. Ukitoka Makiso kwenda Mangobo, au ukishika njia ya Bangboka kumpokea mgeni wa ndege, utakutana na mashimo, na mvua ikinyesha hakuna anayejua kina chake. Ndiyo sababu magari mengi ya jamaa zetu yanapiga kelele chini. Wengi wetu tunaongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Juma hili tunaomba tuizime.

Kila kifaa kina kazi yake. Resori hubeba uzito wa gari. Amortisa huituliza resori isirukeruke. Mikono ya chuma hushika gurudumu mahali pake, na mwishoni mwa mkono kuna rotuli, inayofanya kazi kama kiungo cha nyonga: huliacha gurudumu ligeuke bila kutoka. Mkono unaposhikana na mwili wa gari kuna raba, mafundi huiita silambloku. Tena kuna biyeleti, kijiti cha chuma kinachosaidia gari lisilale upande katika kona.

Kabla ya kwenda garaji, tufanye haya nyumbani:

1. Toa vitu vyote vya nyuma: kriki, bidoni, gurudumu la akiba. Zunguka mtaa. Kelele ikiisha, umeokoa pesa.

2. Kaza buloni za magurudumu, hasa kama gurudumu lilitolewa siku za karibuni.

3. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kutulia, ni vizuri. Likiendelea kuchezacheza, amortisa imechoka. Tazama pia kama imelowa mafuta.

4. Endesha polepole penye mashimo madogo, dirisha wazi, na mwenzako asimame nje kusikiliza kelele inatoka gurudumu gani.

Sasa tutofautishe sauti. Ko-ko-ko nyepesi, gari likienda polepole penye mawe, mara nyingi ni biyeleti. Ngu! nzito ukiingia shimoni au ukikanyaga freni, shuku silambloku au rotuli. Nyii-nyii kama kitanda cha zamani, ni raba iliyokauka au rotuli iliyokosa grisi. Ukizungusha usukani gari limesimama na kusikia resori inaruka, tazama kiti chake cha juu. Lakini tak-tak-tak ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, hiyo ni kardani ya gurudumu. Na mvumo unaoongezeka kadiri ya mwendo mara nyingi ni ruluma. Hizo mbili ni kazi nyingine.

Kwa nini tunasisitiza? Mwenzetu mmoja aliambiwa abadilishe amortisa zote nne. Alilipa kwa pesa ya likelemba aliyoingoja miezi, na kelele ikabaki. Fundi wa pili aliinua gari, akaishika biyeleti kwa mkono, ikacheza kama jino bovu. Kifaa hicho kidogo bei yake ilikuwa mbali sana na ile ya amortisa nne. Hatusemi mafundi ni wezi. Tunasema mtu asihukumu gari ambalo hajaliinua wala kuligusa. Mama, usione haya kumwambia fundi: "Nionyeshe mahali panapocheza." Fundi mzuri atachukua nondo, atasukuma mkono wa gari, nawe utaona kwa macho yako.

Jambo moja haliwezi kungoja mwisho wa mwezi. Rotuli iliyolegea ikichomoka, gurudumu linalala upande na usukani haufanyi kazi tena. Fikiri hilo likitokea darajani Tshopo, watoto wamekaa nyuma. Fundi akikuonyesha rotuli inacheza, gari lisimame hapo hapo. Watoto waende shule kwa miguu au kwa toleka.

Wakati wa kutengeneza, tukumbuke mambo manne. Amortisa hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Buloni za silambloku hukazwa mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likiwa limening'inia, raba hujipinda na kupasuka mapema. Baada ya kubadili rotuli au mkono, omba paralelismu, la sivyo mipira italika upande mmoja. Na usikubali raba imwagiwe mafuta ya injini: kelele hunyamaza siku chache, kisha raba huvimba na kuoza. Raba iliyokatwa katika mpira wa zamani inaweza kukufikisha nyumbani, lakini usiitegemee kwenda Bafwasende.

Tena, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake. Weka vigingi imara, na watoto wakae mbali.

Tunapendekeza kila kikundi kitenge nusu saa baada ya mkutano. Wenye magari wayalete uwanjani, tubonyeze kona nne za kila moja, tusikilize pamoja. Atakayejua kifaa kilichochoka ataingia garaji akijua anachokwenda kulipia.