Namba Nne Si Hatua ya Nne

Mama mmoja wa hapa Feri alikuja kutuona baada ya ibada, karatasi ya maabara ya mwanawe mkononi. Ilihusu homa ya ini C, na mwisho wake pameandikwa "4". Jirani alikuwa ameshamwambia ya kwamba ugonjwa ukifika nne basi, ndivyo ilivyo kwa kansa, na wazee walikuwa wanaulizana nauli ya kusafirisha maiti bara. Na kijana mwenyewe yu mzima, anabeba mizigo kivukoni! Tumeona tuandike, maana si mama huyu peke yake aliyechanganyikiwa.

Homa ya ini iko ya namna nyingi. Ya B ina chanjo, na watoto wetu hudungwa kliniki wakiwa wachanga. Ya C haina chanjo hadi leo. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka wa 1989. Kabla ya hapo madaktari waliiita tu "isiyo A wala B". Hukaa katika damu kikiharibu ini polepole, miaka 20 hata 30, na mtu hana habari. Kwa wengine ini hujaa makovu, na baadhi yao hupata kansa.

Sasa, kirusi hiki cha C si kimoja. Ni ukoo mzima wenye aina 8 zinazojulikana, na wataalamu wamezipa namba. Namba ni jina tu, kama jezi ya mpira: mwenye namba 4 hamzidi nguvu mwenye namba 1. Herufi ikifuata, kama 1a au 4a, hiyo ni nyumba ndani ya ukoo.

Kila aina ina kwao. Aina ya 1 imeenea sana Ulaya na Marekani, ya 3 India na Pakistan, ya 5 Afrika Kusini, na ya 4 ni ya Afrika ya kati na Misri. Habari ya Misri inauma. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilitibu watu wa vijijini kwa sindano za kichocho, ugonjwa ambao sisi wa pwani twaujua vizuri. Sindano zile zilitumiwa tena na tena bila kuchemshwa sawasawa, na aina ya 4 ikaingia katika mamilioni ya watu waliokuwa wamekuja kutibiwa. Mwaka wa 2018 Misri ilianza kupima watu wazima nchi nzima na kuwatibu bure.

Na hapa kwetu? Uchunguzi uliofanywa Kenya miongoni mwa wanaojidunga unga, pamoja na wa Pwani, na kutangazwa mwaka wa 2019, ulikuta 1a karibu nusu na 4a karibu nusu nyingine. Yaani ile inayojulikana sana ng'ambo na ile ya Afrika zinakutana katika bomba moja la sindano. Mji wa bandari hupokea mengi. Unga uliingia Mombasa miaka ya 1980, ukavutwa kwanza, kisha vijana wakaanza kujidunga, na kuazimana sindano ndiyo njia kubwa ya kirusi hiki.

Zamani namba hiyo ilikuwa kitu kikubwa. Mwenye 1 au 4 alidungwa dawa ya interferoni wiki 48, homa na kuchoka juu yake, na wengi hawakupona. Mwenye 2 au 3 wiki 24. Siku hizi kuna vidonge. Sofosbuvir pamoja na daclatasvir au velpatasvir humezwa kwa kawaida wiki 12, hutibu aina zote, na hupona zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Lakini tusiseme namba haina kazi kabisa. Rwanda, katika majaribio ya dawa nyingine, sofosbuvir na ledipasvir, walipona 87 kwa kila 100, lakini wenye aina ya 4r walipona 56 tu. Kwa hiyo ile karatasi itunzwe, isitupwe.

Jambo jingine. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia, na alama hiyo haifutiki hata mtu akipona. Wengine mwili hujiponya wenyewe. Ndiyo maana lazima kipimo cha pili, cha kirusi chenyewe. Usikubali kuitwa mgonjwa kwa kipimo cha kwanza pekee.

Na nyumbani msimtengee sahani. C haiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kikohozi, na mama anyonyeshe isipokuwa chuchu zina vidonda vya damu. Wembe, mashine ya kunyoa na mswaki ndivyo visiazimwe. Sindano iliyotumika yaweza kubaki na kirusi hai hata wiki kadhaa, basi mtoto akiiokota ufukweni msicheke naye.

Yule mama tulimwandikia maswali matatu ya kumpelekea daktari: Kirusi kingali kwenye damu? Ini limeharibika kiasi gani? Vidonge vitapatikana lini, na kwa bei gani? La kwanza limejibiwa: kipo. Kwa mengine mawili kijana amepewa siku ya kurudi, na mama amesema ataandamana naye.