Mtaka Picha Sharti Ainame

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ingawa enzi zao hapakuwa na kamera, methali hii inawafaa sana wapiga picha. Mwanafunzi mwenzangu, hebu tuketi kitako nikueleze jinsi picha ya vitu vya kawaida tu, kama vile ngazi, meza au sahani, inavyoweza kumfanya mtu asimame na kuikodolea macho.

Kwanza kabisa, tuelewane. Ipo picha ya kawaida: bibi arusi, darasa limejipanga mbele ya mwalimu mkuu, au Mlima Kenya. Ukiiona unajua mara moja ni nini. Ipo pia picha dhahania. Hii haijali sana kitu chenyewe. Inajali mistari, maumbo, mwanga na kivuli. Ukuta uliobambuka rangi unaweza kuwa picha ya aina hii. Kwa kuwa hakuna uso wala kisa cha kutuvutia, lazima maumbo yenyewe yavutane. Mvutano huo ukikosekana, picha hupoa kama ugali wa jana.

Je, mvutano hutoka wapi? Hutoka hasa katika mambo mawili: mahali unaposimama na mahali unapokata.

Tuanze na kusimama. Wengi wetu hupiga picha tukiwa tumesimama wima, kamera usawa wa macho, basi. Mrusi mmoja, Alexander Rodchenko (1891-1956), alichoshwa na mtindo kama huo. Mwaka wa 1925 alipiga picha za balkoni za jengo alimokuwa akiishi jijini Moscow. Alisimama chini akaielekeza kamera juu, hata ukuta ukaonekana kana kwamba unataka kuangusha balkoni zake. Mwaka wa 1928 aliandika akiwalaumu wapiga picha waliozoea kutazama kila kitu kutoka usawa wa kitovu, kwani kamera nyingi za wakati ule zilishikwa tumboni. Katika picha yake moja ya mwaka wa 1930, mama aliyebeba mtoto anapanda ngazi pana. Kamera imeinamishwa, kwa hivyo vidato na vivuli vyake vinakata picha hanamu.

Kwa nini hanamu? Mstari uliolala unapumzika kama mtu kitandani. Mstari uliosimama umetulia kama mlingoti wa bendera. Lakini mstari ulioinama hauko huku wala kule. Sisi sote tumeanguka mara nyingi tangu utotoni, kwa hivyo tukiona kitu kimeinama tunangoja kianguke. Katika picha hakianguki kamwe, nasi tunabaki tukingoja. Huko kungoja ndiko mvutano wenyewe.

Sasa tuje kwenye kukata. Paul Strand alizaliwa New York mwaka wa 1890. Mnamo 1916 alikuwa mahali paitwapo Twin Lakes, Connecticut, huko Marekani. Aliiinamisha meza ya duara kwenye varanda, na jua lilipopita katikati ya nguzo za ukingo likaichora meza milia ya mwanga na kivuli. Strand akasogea karibu sana. Aliacha nje miguu ya meza, nyumba na bustani. Isitoshe, picha yenyewe akaigeuza ikasimama kwa ubavu, usiweze kujua chini ni wapi. Ilichapishwa mwaka wa 1917 katika toleo la mwisho la jarida la Camera Work.

Angalia ujanja wake. Ukiona kipande cha duara, jicho linataka kulikamilisha, lakini ukingo wa picha unalikataza. Hapo jicho na ukingo vinashindana. Duara zima likikaa katikati ya picha limestarehe kama yai kiotani. Lisogeze mpaka likaribie ukingo, utahisi kama litajigonga. Likate theluthi, jicho litatoka nje ya picha kulitafuta. Hata hivyo, jihadhari na jambo moja: umbo likigusa ukingo kidogo tu, huonekana kama bahati mbaya. Ama acha nafasi, ama kata kwa ujasiri.

Kujizoeza si kazi ngumu. Kata vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la herufi L. Viweke juu ya picha yoyote viwe kama dirisha, kisha visogeze huku na huku. Utashangaa kuona picha moja imezaa kumi.

Nami nilifanya hivyo, na hapa ndipo nilipopata funzo nisilolitarajia. Muhula wa pili, mwalimu mlezi wa chama alitupa kamera tulete picha za kupamba ubao wetu. Saa ya chakula cha mchana nikapanda orofani nikaielekeza kamera chini, kwenye foleni ya githeri. Kutoka kule juu watu hawakuwa watu tena. Niliona vitone vyeusi vya vichwa, maduara ya sahani, na foleni ikikata uwanja hanamu. Rodchenko mwenyewe angefurahi!

Picha zilipotoka studio, niliona kwamba upande wa kulia uwanja ulikuwa mtupu, na pembeni kabisa palikuwa na kitone kimoja kisicho na sahani. Nikachukua kadibodi zangu nikakifunika. Picha ikajaa maduara, ikawa nadhifu kama kanga mpya. Mbio mbio nikamwonyesha rafiki yangu. Aliitazama, akaondoa kadibodi moja, akaweka kidole pale pembeni.

"Huyu ni mimi," akasema. "Wiki ile nilikuwa sijalipa pesa za chakula."

Lo! Nilitahayari, nikakosa la kusema. Siku hiyo nilikuwa kwenye orofa nikitafuta maduara, naye alikuwa na njaa. Nikaitazama tena picha nzima. Upande mmoja sahani zilisongamana, upande wa pili uwanja ulikuwa mtupu, na mtu mmoja yuko ukingoni, karibu atoke nje. Jicho langu lilikwenda na kurudi, likakosa pa kutulia. Kumbe mvutano niliokuwa nikiutafuta ndio huo niliotaka kuukata!

Nilimwomba ruhusa niibandike bila kuikata. Akacheka akasema, "Bandika tu, nani atanijua kwa kisogo?" Ndiyo hiyo mnayoiona ubaoni karibu na maktaba. Hata makala haya aliyasoma kwanza kabla sijayaleta kwa mhariri.

Shime basi, wenzangu. Usingoje kamera ya bei ghali. Hata simu ya baba ukiruhusiwa kuiazima nyumbani inatosha. Inama, panda juu, sogea karibu. Halafu kabla ya kukata, tazama vizuri kile unachotaka kukiacha nje. Pengine ni uchafu tu, nawe ukiondoe bila wasiwasi. Lakini pengine ni mwenzako ambaye hajala.