King'amuzi cha kurekodi: Ununue sasa au usubiri?

KWA mpenzi wa soka anayeishi Kasulu au Kibondo, adui wa kwanza ni saa. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa barani Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, wakati ambapo mwalimu anayetakiwa darasani asubuhi na mfanyabiashara wa maharage anayewahi soko wamekwisha kulala. Fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2026, zilizopangwa katika viwanja vya Marekani, Kanada na Meksiko, zilizidisha tatizo hilo: mechi inayoanza saa 3 usiku mjini New York, huku Kasulu ni saa 10 alfajiri.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana. Ni king'amuzi chenye diski ndani yake, ambacho mtazamaji hukipangia kazi kwa rimoti, kikarekodi kipindi yeye akiwa amelala, kisha akakitazama kesho yake. Lakini chombo hicho ni ghali kuliko king'amuzi cha kawaida, na katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma fedha za kukinunulia mara nyingi hutoka katika mavuno ya maharage, mahindi na mihogo, au katika mshahara mmoja unaotegemewa na watu wengi. Ni fedha zile zile zinazosubiriwa na mbolea, mabati na mahitaji ya shule. Kwa hiyo swali la kununua sasa au kusubiri si la anasa tu.

Kinavyofanya kazi

Tofauti kati ya king'amuzi hiki na deki ya mikanda iliyojaa majumbani miaka ya 1990 ni kwamba hakihitaji mkanda. Matangazo ya dijitali hufika yakiwa tayari ni mfululizo wa tarakimu, na chombo huzihifadhi tu katika diski kama kompyuta inavyohifadhi faili. Ndiyo maana mtazamaji anaweza kusimamisha mechi inayoendelea, akapokea mgeni mlangoni, kisha akaendelea pale alipoachia.

Ukubwa wa diski ndio unaoamua kiasi cha vipindi. Matangazo ya ubora wa kawaida yanayotumwa kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.35 kwa saa. Yale ya ubora wa juu, kwa kasi ya megabiti 8, huchukua gigabaiti 3.6. Hivyo diski ya gigabaiti 500 hutosha kwa saa 370 hivi za ubora wa kawaida, au saa 138 za ubora wa juu. Kwa familia ya kawaida hicho ni kiasi kikubwa mno, na hakuna sababu ya kulipia diski kubwa zaidi kwa kushawishiwa na tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba kurekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine kunahitaji vipokezi viwili ndani ya king'amuzi, na mara nyingi nyaya mbili kutoka kwenye kichwa cha dishi. Mwenye dishi la zamani lenye waya mmoja anaweza kulazimika kubadili kichwa hicho na kumlipa fundi upya.

Umeme ndio mtihani

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 ndipo ilipounganishwa na gridi ya taifa. Hayo ni mabadiliko makubwa, lakini gridi haimaanishi kuwa umeme haukatiki, na king'amuzi cha kurekodi ni mtumishi wa zamu ya usiku ambaye hawezi kufanya kazi gizani. Umeme ukikatika saa 5 usiku, rekodi hukatika pale pale. Ukirudi baada ya nusu saa, baadhi ya ving'amuzi huamka vyenyewe na kuendelea na kazi viliyopangiwa, ilhali vingine hubaki vimezimika hadi mtu abonyeze kitufe. Hilo ni swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha.

Diski yenyewe ni chombo chenye sahani inayozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Diski za kisasa zimeundwa kujilinda umeme unapokatika ghafla, lakini faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika, na kukatika kwa mara kwa mara hufupisha maisha ya chombo. Umeme unaopanda na kushuka ni hatari zaidi. Anayenunua king'amuzi cha aina hii bila stabilaiza, au bila betri ndogo ya kukishikilia umeme ukikatika, amenunua nusu ya kifaa. Bei ya vitu hivyo lazima ihesabiwe tangu mwanzo.

Matumizi nayo si madogo. King'amuzi cha kurekodi hakizimwi kabisa, kwa sababu kikizimwa hakitaamka kurekodi. Tuseme kinatumia wati 20 mchana na usiku. Kwa siku ni wati-saa 480, na kwa mwezi ni zaidi ya uniti 14. Kwa nyumba iliyo katika daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya kiwango chote.

Kwa walio vijijini wanaotumia sola, hesabu ni nzito zaidi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na zile za asidi hazifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. King'amuzi kimoja kingemeza nne ya tano ya akiba hiyo kabla taa haijawashwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayefikiria kuwapelekea wazazi zawadi ya aina hii kijijini Kasulu afanye kwanza hesabu hiyo.

Milima na mvua

Mawimbi ya mitambo ya ardhini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Katika eneo lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lenye vilima na mabonde, nyumba mbili za jirani zinaweza kupata picha tofauti kabisa: iliyo juu ya kilima ikaona vizuri, iliyo bondeni isione kitu. Ndiyo maana wengi huchagua dishi la satelaiti.

Lakini dishi nalo lina mgomvi wake. Masafa yanayotumiwa na kampuni nyingi za satelaiti hudhoofishwa na mvua kubwa. Mkoani Kigoma mvua huanza takriban Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kipindi ambacho karibu chote kimo ndani ya msimu wa ligi za Ulaya. King'amuzi hurekodi kile tu kinachofika. Mvua ikizuia mawimbi dakika ya 80, mtazamaji atakuta asubuhi pengo mahali penye bao.

Chaneli ipi, kwa kampuni gani?

King'amuzi cha kurekodi cha kampuni moja hakirekodi matangazo ya kampuni nyingine. Hili ndilo kosa la kawaida la mnunuzi mwenye haraka. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziko Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa Mei 2021. Hivyo mpenzi wa Simba au Yanga akinunua king'amuzi cha kurekodi cha DStv kwa sababu kina diski kubwa, hatapata kurekodi mechi aliyoikusudia. Kwanza ichaguliwe chaneli, kisha kampuni, na kifaa kiwe cha mwisho.

Aidha, rekodi nyingi hufungwa kwa ufunguo wa siri. Hazihamishwi kwenye king'amuzi kingine, na katika baadhi ya mifumo hazifunguki malipo ya mwezi yakisimama. Ni busara kuuliza kama kazi ya kurekodi ina ada yake ya ziada, na kama chombo kitaendelea kucheza yaliyomo iwapo kifurushi kimekwisha.

Watanzania wamekwisha kupata funzo katika jambo hili. Chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, nchi nyingi zilitakiwa kuachana na matangazo ya analojia ifikapo Juni 17, 2015. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika: mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Waliosubiri nje ya Dar es Salaam walipata nafasi ya kuona kwanza ni king'amuzi kipi kinashika wapi. Kisha Agosti 2018, baadhi ya chaneli za ndani za kutazamwa bila malipo ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kueleza kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kuzibeba. Kifaa kilikuwa kile kile sebuleni, lakini kilichomo ndani kilikuwa kimebadilika bila mwenye nyumba kuulizwa.

Dunia inaelekea wapi?

Anayenunua leo ajue pia umri wa teknolojia yenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za mikanda mwaka 2016, miaka 40 baada ya mfumo wa VHS kuingia sokoni mwaka 1976. TiVo ya Marekani, iliyoanza kuuza vinasa vya diski mwaka 1999 na kuvipatia umaarufu, iliacha kuuza vifaa hivyo mwaka 2025. Katika nchi zenye intaneti ya kasi na ya bei nafuu, watazamaji hawahifadhi tena vipindi nyumbani. Huvifuata kwenye hifadhi za kampuni kupitia intaneti. Soko la Afrika nalo limo katika mabadiliko: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, mmiliki wa DStv.

Hata hivyo, haifuati kwamba diski imekufa Kasulu. Kutazama kwa intaneti kunaweza kumaliza takriban gigabaiti moja kwa saa, na mwenye kununua vifurushi vidogo vya simu anajua uzito wa kiasi hicho. Kipindi kilichorekodiwa kwa dishi hakili kifurushi, hata kikirudiwa mara 10. Faida hiyo bado ni kubwa mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa kupimwa.

Njia ya kati

Kati ya kununua na kutonunua ipo njia ya tatu. Baadhi ya ving'amuzi vya kawaida vina tundu la USB linaloruhusu kurekodi kwenye flashi au diski ya nje. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba saa 23 hivi za ubora wa kawaida, au karibu saa 9 za ubora wa juu, kiasi kinachotosha mechi nne. Si kila tundu la USB hurekodi. Mengine ni ya kucheza muziki na picha tu. Mnunuzi amtake muuzaji arekodi dakika mbili mbele yake na kuzicheza, kabla ya risiti kuandikwa. Flashi ikiharibika, hasara ni ya flashi, si ya king'amuzi kizima.

Mwenye kibanda umiza ana jambo moja zaidi la kufikiria. Kurekodi kwa ajili ya kutazama nyumbani ni jambo moja. Kuonyesha rekodi kwa kiingilio ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwenye kazi dhidi ya matumizi ya biashara yasiyo na idhini. Asinunue kifaa akitarajia kukirudisha kwa viingilio kabla ya kupata ruhusa hiyo.

Nani anunue, nani asubiri

Anayestahili kununua sasa ni yule mwenye umeme wa gridi na fedha za stabilaiza pamoja na betri ya akiba, anayelipia kifurushi kila mwezi bila kukosa, na ambaye vipindi anavyovipenda vimo katika kampuni moja na huonyeshwa saa asizoweza kukaa macho. Kwa mtu huyo kusubiri hakumwongezei kitu, kwa kuwa kila msimu unaopita ni msimu alioukosa. Ahakikishe tu kuwa dhamana ya kifaa inatambuliwa na fundi aliye karibu, ili asilazimike kukisafirisha hadi Mwanza kila kinapogoma.

Anayestahili kusubiri ni yule wa sola, yule anayelipia kifurushi mwezi huu na kuruka ujao, na yule ambaye hajaamua kati ya kampuni mbili. Vivyo hivyo kwa anayelenga mashindano makubwa pekee: Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda, na mechi zinazochezwa katika saa za nyumbani hazihitaji kurekodiwa usiku wa manane.

Kwa walio katikati, ambao huenda ndio wengi, king'amuzi cha kawaida chenye USB iliyojaribiwa dukani kitawatosha kwa msimu mmoja. Wakikuta mwishoni mwa msimu kuwa flashi imejaa mechi ambazo kweli walizitazama, watakuwa na sababu ya kununua diski. Wakikuta imejaa mechi ambazo hakuna aliyezifungua, fedha za maharage zitakuwa bado zipo.