Kuziba Matundu Madogo ya Bodi ya Gari

Mwenye gari aweza kuziba mwenyewe tundu lililoliwa na kutu, ikiwa ni dogo wala haliko mahali pabebapo uzito. Lakini fremu ya chini, vizingiti vya milango na mahali pafungwapo mikanda ya viti hutaka fundi achomelee bati. Kupaziba kwa fila ni kuficha hatari ya kuua watu.

Kutu huja chuma kikikutana na maji na hewa, na chumvi ya pwani huiharakisha. Basi kazi kubwa ni kukwangua. Yafaa kupiga msasa hata chuma king'aacho kionekane pande zote, kwani aghalabu uozo ulio chini ya rangi ni mkubwa kuliko tundu lenyewe. Hapa tumeona wengi huchoka, wakapaka juu ya kutu. Haipiti miezi mingi rangi hufura kama jipu.

Kisha, mkono ukifika, tubandike kwa nyuma kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi yake, maana fila tupu hunyonya maji. Kikikauka, tuchanganye fila na dawa yake ya kugandisha, yapata 2 kwa 100. Huganda upesi, basi tusichanganye nyingi. Kazi hii ifanywe nje, pua imefunikwa, kwani mvuke na vumbi lake hudhuru mapafu. Husawazishwa kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, ndipo ipakwe rangi ya kwanza na rangi ya gari. Upande wa ndani nao upakwe, kwani mara nyingi kutu huanzia huko.