Goti jipya, maumivu yakabwa kwa umeme

MEI 25, 1977, Roma. Beki kisiki Tommy Smith anaruka, anapiga kichwa, mpira wavuni. Liverpool wanaichapa Borussia Mönchengladbach 3-1 na kubeba Klabu Bingwa Ulaya. Ila nyuma ya shangwe zile goti lilikuwa linasagika. Smith alikuja kusimulia kwamba alichomwa sindano za kotisoni ili acheze. Baada ya kustaafu, akahitaji goti la bandia.

Upasuaji wenyewe ni kipindi cha kwanza tu. Shughuli pevu inaanzia wodini, mgonjwa anapotakiwa kusimama na kulikunja goti mapema, kabla halijakakamaa. Hapo maumivu ndiyo yanakaba kweli kweli.

Silaha mojawapo ya kuyapunguza ni TENS, kimashine kidogo cha betri. Vibandiko vinawekwa kwenye ngozi karibu na goti, si juu ya kidonda, kisha umeme mdogo unatekenya neva. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una kama geti: mtekenyo ukiwahi hapo, maumivu yanapenya kwa shida kwenda kwenye ubongo.

Usidanganyike, TENS haiponyi goti. Tafiti hazikubaliani inasaidia kiasi gani, na dawa bado zinahitajika. Mwenye betri ya moyo asiiguse bila ruhusa ya daktari.

Sindano za enzi za Smith zilizima maumivu ili mtu aendelee kuliumiza goti. TENS inayapunguza ili alifanyishe mazoezi.