Kuchagua Mji wa Kuhamia Karibu na Mgodi: Mfano wa Tarime na Serengeti

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi wa namna hii huendeshwa kwa mitambo mikubwa, maabara na kompyuta, na kwa hiyo huhitaji mafundi kutoka pembe zote za nchi. Fundi anayepata kazi huko hukabiliwa na swali: jamaa yake ikae wapi? Ikae Nyamongo penyewe, mjini Tarime, au ng'ambo ya Mto Mara, huko Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti? Wengi hutazama umbali na kodi ya nyumba tu. Hata hivyo, yako mambo yapaswayo kupimwa kwanza.

Maji

Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa pia na pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini ya ardhi hukaa bila kubadilika sana. Yachimbuliwapo na kukutana na hewa na maji, hutokea tindikali ya salfa, nayo huyeyusha metali zilizomo katika mawe. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi huo na kuingia katika Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara.

Inafaa ifahamike kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yanapopungua kwa mvuke, kiasi cha metali katika kila lita huongezeka. Kwa sababu hiyo, anayetaka kukaa Nyamongo hana budi kuuliza maji ya nyumba yanatoka wapi, kisima kiko upande gani wa mteremko, na maji hayo yalipimwa lini katika maabara. Karatasi ya litmasi huonyesha tindikali tu, haionyeshi metali.

Mwinuko na malaria

Mji wa Tarime uko takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali Ziwa Viktoria liko karibu meta 1,134. Joto hupungua kwa takriban digrii 6 za Sentigredi kila mtu apandapo meta 1,000. Basi Tarime ina ubaridi wa kama digrii 2 zaidi ya ufukoni. Tofauti hiyo si ndogo. Katika joto la digrii 25, vimelea vya malaria hukomaa ndani ya mbu kwa siku 12 hivi. Katika digrii 20, huhitaji siku 28 hivi, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Hata hivyo chandarua hakiachwi, kwani watu wa nyanda za juu huwa na kinga ndogo, na mlipuko ukitokea huwadhuru sana.

Mbung'o na wanyama pori

Mugumu hupata maji kutoka Bwawa la Manchira, na mji huo uko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Wanyama pori huweza kubeba vimelea vya malale bila kuugua, na mbung'o huvihamisha. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliugua malale baada ya kuitembelea Serengeti. Hatari ni ndogo kwa mkazi wa mjini. Ni kubwa zaidi kwa mchungaji anayelisha ng'ombe karibu na pori. Mkulima wa huko naye hana budi kuwafikiria tembo wanaoingia mashambani.

Umri wa mgodi

Dhahabu huisha, au bei yake hushuka. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena mwaka 2000. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufungwa alikuwa mtu mzima. Kwa hiyo mhamiaji aulize mji utaishi kwa nini mgodi ukinyamaza. Tarime ina mashamba ya kahawa, ndizi na mahindi, na barabara ya Sirari iendayo Kenya. Mugumu ina utalii, kilimo na mifugo.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuchora jedwali la miji hii mitatu na kujaza maji, joto, magonjwa, umbali na kazi nyingine zilizopo. Itadhihirika kwamba hakuna mji ulioshinda kwa kila jambo. Lakini umbali hupunguzwa kwa basi, na kodi hulipwa kwa mshahara. Afya ya mtoto aliyekunywa maji mabaya kwa miaka kumi hairudishwi kwa fedha.