Damu ya Kitovu Ina Habari

Mtoto akizaliwa, kitovu hukatwa, kondo la nyuma huzikwa, na mambo huishia hapo. Kumbe katika kile kipande cha kitovu mna damu inayoweza kutueleza kama mtoto alipata sumu ya madini akiwa bado tumboni. Na mtoto mwenyewe hachomwi sindano.

Zamani madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Imani hiyo ilivunjika kule Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mama aliyeonekana mzima akazaa mtoto aliyelemaa. Sasa, Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu na kukiweka ndani ya kisanduku (sisi twakizika). Miaka mingi baadaye wataalamu walivipima vitovu hivyo vikavu, wakakuta zebaki.

Kila madini yana tabia yake. Zebaki ya samaki hujikusanya kwa mtoto, hata damu yake ikawa nayo kuliko ya mama. Risasi nayo hupita, na kiasi chake hukaribia kile cha mama. Lakini kadimiamu, iliyomo katika moshi wa sigara, hunaswa sana na kondo la nyuma. Hiyo ipimwe kwenye kondo lenyewe.

Risasi ndiyo inatuhangaisha zaidi. Imo katika betri za gari, rangi fulani, na pengine udongo ule wanaoutafuna kina mama wajawazito. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua vizuri: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa huko mwaka 2014. Ubaya wake ni kwamba hukaa mifupani miaka mingi. Chakula cha mama mjamzito kikikosa kalsiamu, mwili huichota mifupani, na risasi ya zamani hutoka nayo. Basi hata aliyehama mtaa bado anaweza kumpitishia mtoto.

Damu hueleza ya majuma machache tu. Ya miezi mingi hutafutwa katika choo cha kwanza cha mtoto, kile cheusi kinachonata.

Chupa ya kuwekea damu isiwe na vumbi hata kidogo, maana hapa tunahesabu maikrogramu, yaani gramu moja igawanywe mara milioni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema damu ikiwa na maikrogramu 5 za risasi au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe. Kiwango salama hakijulikani.

Mama, ukiwa unaishi karibu na wanaoyeyusha betri au wanaochoma dhahabu kwa zebaki, mwambie muuguzi wa kliniki mapema. Damu ya kitovu isipochukuliwa saa ile ile ya kujifungua, haipatikani tena.